Mkutano wa Usawa na Walimu Walioachwa Gatini: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki ni cha mkutano wa kitaaluma wa kimataifa wa siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa, uliofanyika Unguja kuhusu usawa na ubunifu katika elimu. Tumekiunda kwa ajili ya mafunzo ya waandaaji. Mkutano hauna jina na hesabu zake ni za mfano, lakini vikwazo vyake ni vile vile ambavyo mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya maandalizi hapa visiwani atavitambua bila kuoneshwa kwa kidole.

Ukumbi ulikuwa na viti 180. Ikisiri, yaani muhtasari wa mada, zilipokelewa 140, zikapita 60. Walimu wa skuli za Zanzibar walituma 9, zikapita 2, zote za Unguja. Walimu 12 wa Pemba walialikwa kuja kusikiliza na kushiriki mjadala mmoja, wakafika 5. Siku ya mwisho yakasomwa maazimio, na la kwanza lilihimiza mwalimu wa darasani ashirikishwe katika kila hatua ya mageuzi ya elimu. Watu wakapiga makofi.

Ukiangalia ukumbini huoni kosa. Projekta ziliwaka, viyoyozi vilipuliza, chakula kilifika kwa wakati, na wageni wakajaza fomu za tathmini kwa maneno matamu. Waliokosekana walikuwa wameshaachwa miezi minne nyuma, kwenye karatasi ambazo hakuna aliyezitilia maanani: fomu ya ada, kalenda, mwito wa makala na taratibu za malipo. Tutazipitia moja moja, na kwenye ada tutakaa zaidi maana ndiko mambo yalikoharibika mwanzo.

Ada

Kamati ilipanga ada kwa kufuata makundi ya nchi ya Benki ya Dunia. Kipato cha juu dola 250, kipato cha kati dola 150, kipato cha chini dola 80. Kwa macho ya mtu anayekaa mbali utaratibu huu una haki. Tatizo ni kwamba tangu Julai 2020 Tanzania imehesabiwa katika nchi za kipato cha kati, daraja la chini. Mwalimu wa Micheweni, kaskazini mwa Pemba, alipochagua nchi yake kwenye fomu, mashine ikamtoza dola 150. Dola moja tukiihesabu kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 375,000. Mshauri elekezi anayeishi Kampala na kulipiwa kila kitu na shirika la kimataifa alichagua Uganda, iliyomo katika kundi la kipato cha chini, akaandikiwa dola 80.

Fomu haikukosea hesabu, ila iliuliza swali lisilohusika. Nchi unayotoka haisemi ni mfuko wa nani utakaotoka fedha. Fomu iliyorekebishwa inauliza mambo matatu: nani anakulipia, unafanya kazi skuli, chuo kikuu au shirika, na je, umepewa barua ya udhamini? Anayelipiwa na shirika analipa ada kamili popote atokapo. Mhadhiri anayejilipia analipa nusu. Mwalimu wa skuli halipi, na jina lake halipiti kwenye ukurasa wa malipo hata kidogo, kwa sababu ukurasa wenyewe ulidai kadi ya benki ya malipo ya mtandaoni, na wengi wa walimu hawa fedha zao hupita kwenye simu. Hata ile dola 80 wasingeweza kuilipa bila kumtafuta mtu mwenye kadi.

Pengo la ada linazibwa vipi? Kwa hesabu za kisa hiki, walimu 30 wakisamehewa ada ya dola 150 zinapotea dola 4,500. Washiriki 45 wa mashirika wakipandishiwa dola 100 kila mmoja, zinarudi zile zile 4,500. Wachache watanung'unika, lakini ni nadra shirika kufuta safari ya mtu wake kwa ajili ya dola mia, ilhali tiketi ya ndege imeshakatwa na inazidi hapo mara kadhaa. Ada mpya itangazwe pamoja na gharama nyengine za mgeni ili asije akashtukia uwanjani: viza kwa wasiosamehewa, na bima ya lazima ya safari ambayo Zanzibar inawatoza wageni dola 44 tangu tarehe 1 Oktoba 2024.

Kalenda

Mkutano uliwekwa wiki ya pili ya Novemba. Kwa chuo kikuu cha Ulaya mshirika wake hiyo ilikuwa wiki nzuri, na hoteli za Unguja zilikuwa hazijapandisha bei za Disemba. Lakini Novemba ndio mwezi wa mitihani ya kidato cha nne. Mwalimu wa sekondari anasimamia chumba cha mtihani au anashika zamu ya walio wengine. Ukimwita wiki hiyo, mwalimu mkuu hana namna ya kumruhusu hata akitaka.

Kuchagua tarehe hapa ni kazi ya kufuta. Chukua kalenda ya mwaka mzima, futa mwezi wa Ramadhani na wiki ya Idi, ukikumbuka kwamba Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, hivyo mkutano wa kila mwaka usifungwe kwenye tarehe moja ya kizungu. Futa Aprili na Mei kwa masika, na Mei tena kwa mtihani wa kidato cha sita. Futa Januari tarehe 12 na siku zinazoizunguka kwa Mapinduzi. Julai na Agosti hoteli ni za watalii na bahari ni ya kusi, upepo mkali wa kusini. Futa Novemba. Katika kinachobakia, kisa chetu kinachagua nusu ya pili ya Septemba. Hoteli zimepumua, kusi inalegea ingawa haijaisha, na walimu wamo makazini lakini hawajabanwa na mitihani ya taifa.

Ijumaa nayo inataka nafasi yake. Ratiba ya awali ilipanga hotuba ya kufunga saa 7:00 mchana. Nusu ya ukumbi ilikuwa msikitini. Siku ya Ijumaa acha saa 6:00 hadi saa 8:00 mchana wazi, chakula kiliwe baada ya swala, na kufunga kuanze saa 8:30.

Mwito wa makala na ikisiri iliyoanguka

Mwito ulitoka kwa Kiingereza peke yake: ikisiri ya maneno 300, muda wa wiki tano, kutuma kupitia mfumo wa mtandaoni unaotaka kufunguliwa akaunti. Kila ikisiri ikasomwa na wahakiki wawili wasiomjua mwandishi, wakaipa alama kwa vigezo vinne, kimoja kikiwa mfumo wa kinadharia kwa alama 30 kati ya 100.

Tuitazame ikisiri moja iliyoanguka. Mwalimu wa darasa la tano, skuli yenye mikondo miwili, aliandika kwamba kipindi cha kwanza cha mkondo wa mchana hakianzi kwa wakati kwa sababu mkondo wa asubuhi unatoka wakati ule ule wa pili unapoingia. Mlango ni mmoja, madeski yanapangwa upya, chumba kinafagiliwa. Alipima kwa saa ya mkononi siku 20 mfululizo, akapata wastani wa dakika 14 zinazopotea. Vipindi vya dakika 40 vikiwa vitano kwa siku, basi kipindi cha kwanza kimeliwa thuluthi nzima. Tena somo lililopangwa hapo ni Hisabati. Akabadilisha utaratibu: madeski ya mkondo wa asubuhi yapangwe na wanafunzi wao dakika tano kabla ya kengele, na ufagio ubaki kazi ya mkondo unaotoka. Dakika 14 zikashuka kuwa 5.

Mhakiki wa kwanza alimpa 0 kwenye nadharia. Wa pili akaandika kuwa Kiingereza chake hakieleweki vizuri. Jumla akapata alama 48, mstari wa kupita ukiwa 60.

Huu ndio utafiti wa usawa hasa. Skuli nyingi za Zanzibar zimeendeshwa kwa mikondo miwili kwa miaka na miaka, na ujenzi wa skuli za ghorofa wa karibuni umekusudia kuipunguza. Mtoto wa mkondo wa mchana na wa asubuhi wana kitabu kimoja na mwalimu wa daraja moja, ila mmoja wao anapunjwa dakika kila siku. Kamati ilikuwa na kipimo kizuri mkononi ikakitupa kwa kukosa aya ya nadharia. Hapa hatuoni kisingizio.

Marekebisho yake ni haya. Uwepo mlango wa pili wa kuingilia, uitwe ripoti ya darasani, wenye vigezo vyake: tatizo limeelezwa, limepimwa namna gani, nini kilibadilishwa, matokeo ni yapi, na mwalimu mwengine anaweza kuiga? Lugha Kiswahili au Kiingereza. Urefu ukurasa mmoja, au sauti ya dakika tatu iliyotumwa kwa simu na kunakiliwa na sekretarieti. Wahakiki wawili, mmoja lazima awe ni mtu aliyewahi kushika chaki. Mwito upelekwe kwenye Vituo vya Walimu, mathalani Michakaini kwa Pemba na Kitogani kwa kusini Unguja, ukiwa umechapishwa na kubandikwa. Muda usiwe wiki tano, uwe kumi, kwa sababu ruhusa ya mwalimu hupanda ngazi kutoka kwa mwalimu mkuu hadi wilayani na wizarani, na kila ngazi ina meza yake.

Maneno mawili yaliyopishana

Bango la ukumbini liliandikwa "Usawa na Ubunifu katika Elimu". Kiingereza kina maneno mawili pale ambapo Kiswahili cha mikutanoni kinatumia "usawa" kwa yote. Moja, "equality", lina maana ya kila mtu kupewa kiasi kile kile, jengine, "equity", lina maana ya kila mtu kupewa kinachomfaa ili wote wafike. Mkalimani aliyetumia "usawa" kwa yote mawili alimfanya profesa mgeni asikike anajipinga: "Usawa hautoshi, tunataka usawa." Watu wakacheka, naye hakujua wanacheka nini. Wakubwa zetu wana neno "insafu" kwa maana ya pili, na lingefaa sana. "Uadilifu" na "usawa wa fursa" pia hupita, ilimradi wakalimani wakubaliane mapema na wasibadilishe njiani.

"Ubunifu" nao ulileta kichekesho chake. Mgeni anazungumzia programu za kompyuta na akili mnemba. Mwalimu anasikia ubunifu, anafikiria vifaa vya kufundishia alivyovitengeneza kwa vizibo vya soda na maboksi. Kikao kizima cha dakika 90 kilikwenda hivyo, kila upande ukiitikia kwa kichwa. Na kumbe Zanzibar ina mfano unaojibu pande zote mbili. Tucheze Tujifunze, iliyoanza katikati ya miaka ya 2000, iliwafundisha watoto wadogo kwa redio, wakiimba, wakihesabu na kujibu sauti ya redioni huku mlezi akiwaongoza. Teknolojia ile ilikuwa nyepesi na iliwafikia watoto wa vijijini ambao skuli ilikuwa mbali nao. Haikutajwa katika mada hata moja.

Ukalimani wenyewe unataka watu wawili kwa kila chumba, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, maana mtu mmoja akizidisha hapo makosa yanaanza kumiminika. Mkutano uliajiri mmoja kwa chumba ili kuokoa fedha, na hadi alasiri alikuwa anafupisha sentensi tatu kuwa moja. Wapewe hotuba na slaidi siku tano kabla, pamoja na orodha ya istilahi 40 hivi iliyokubaliwa. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lipo hapa hapa mjini. Kuliomba lipitie orodha ya kurasa mbili si jambo kubwa. Vipokea sauti vikodiwe kwa idadi ya viti na kumi vya akiba, na kila anayechukua aache kitambulisho. Wakalimani wa lugha ya alama nao ni wawili, wakae mbele penye mwanga. Waandaaji wengi hukumbuka hili siku moja kabla. Linatakiwa liulizwe kwenye fomu ya usajili.

Saa nne ipi?

Mstari mmoja wa ratiba uliwagharimu walimu wale 5 wa Pemba nafasi yao pekee ya kusikilizwa. Walipewa nafasi ya kuzungumza siku ya pili kwenye mjadala wa jopo. Ratiba ilichapishwa kwa safu mbili, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Mfasiri alifasiri maneno, tarakimu akaziacha. Safu ya Kiswahili ikasomeka "4:00–5:30: Mjadala wa walimu wa Pemba". Walimu walikuwa ukumbini tangu saa 3:30 asubuhi, wamevaa, wamejitayarisha kwa saa nne. Saa nne ikafika, jukwaani kuna mada ya mtu mwengine.

Ilikuwa ni saa nne ya kizungu, saa 10:00 jioni. Laasiri imeshaadhiniwa, watu wamekwenda kuswali, na wageni wako kwenye gari wanakwenda mashamba ya viungo. Jopo likazungumza mbele ya watu 11, watano wakiwa wao wenyewe.

Dawa yake haina gharama. Safu ya Kiingereza iandikwe kwa saa 24, yaani 16:00. Safu ya Kiswahili iandikwe saa 10:00 jioni, na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku lisiachwe hata mara moja. Kisha mtu mmoja, asiyekuwa mfasiri, asome safu ya kulia peke yake kutoka juu mpaka chini kabla haijakwenda kwa mpiga chapa. Makosa ya namna hii hayaonekani ukisoma safu zote mbili kwa pamoja, kwa sababu jicho linasaidiwa na ile ya kushoto.

Ukumbi, umeme, mtandao

Haya kwa ufupi. Jumba la Mji Mkongwe lilipendekezwa kwa uzuri wake, na kwa bahati likakataliwa: mlangoni palikuwa na vidato vitatu vya sentimita 17. Kwa uwiano wa 1 kwa 12, njia ya kiti cha magurudumu ingetaka urefu wa zaidi ya mita 6, na huwezi kuijenga upendavyo katika mji ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Hoteli ya ufukweni nayo inawapendeza wageni, ila mwalimu wa mjini akikosa daladala ya jioni hana pa kulala. Ukumbi wa chuo kikuu huko Tunguu unafaa zaidi, ukiweka basi la asubuhi na la jioni kutoka mjini.

Umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na wenyeji wanakumbuka giza la takriban mwezi mmoja mwaka 2008 na la karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Mambo ni tofauti siku hizi, lakini jenereta haikwepeki. Kinachosahaulika ni zile sekunde chache kabla jenereta haijashika. Kifaa cha intaneti kinazima, kinachukua dakika kadhaa kurudi, na msemaji wa mbali anapotea. Kiwekee betri ya akiba peke yake.

Walimu ambao hawakufika waliambiwa wafuatilie mtandaoni. Mkutano wa video wenye washiriki wengi unakula takriban gigabaiti moja kwa saa, au zaidi. Siku ya saa sita ni gigabaiti sita, nani atazinunua? Sauti peke yake iliyobanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, hotuba ya dakika 20 haifiki megabaiti 5. Inapita kwenye kundi la simu la walimu na kusikilizwa usiku.

Fedha na bahari

Waliobaki Pemba walikuwa 7. Mitihani iliwazuia 3. Wanne waliobakia walizuiliwa na sentensi moja waliyoambiwa na sekretarieti kwa simu: "Maalim, nyinyi njooni tu, fedha zenu mutarejeshewa mukishafika." Nauli ya gari, nauli ya boti, chakula cha njiani na chumba cha usiku wa kwanza, vyote mwalimu avitoe mfukoni mwake mwezi ukiwa kati. Mmoja alijibu kwa adabu kwamba mtoto anaumwa. Kwenye orodha akaandikwa "udhuru wa kifamilia", na ripoti ya mwisho ikasema mahudhurio ya Pemba yaliathiriwa na sababu binafsi. Takwimu za namna hiyo ndizo zinazowapotosha waandaaji wa mwaka unaofuata.

Hata waliokuja walikwama kwenye marejesho. Mfadhili alitaka risiti ya kila safari, na gari ya abiria kutoka Micheweni haitoi risiti. Nauli hiyo haikurudi. Mkataba na mfadhili unatakiwa uwe na jedwali la viwango maalumu vya usafiri, eneo kwa eneo, na saini ya mshiriki kwenye fomu iwe ndio uthibitisho. Tiketi ya boti inunuliwe na sekretarieti kwa jina la mwalimu. Fedha za njiani zitumwe kwenye simu yake siku saba kabla, kama masurufu, na si kama marejesho. Kwa walimu 12, wakipewa shilingi 100,000 kila mmoja, ni shilingi 1,200,000 zinazotakiwa ziwepo mkononi wiki moja mapema. Kamati ilikuwa nazo. Zilikuwa zimelala kwenye kifungu cha mikoba na fulana.

Meli ya usiku ni nafuu kuliko boti ya mwendo kasi, na mtu wa fedha atashawishika. Asimlazimishe mwalimu. Pemba haijasahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, pale meli ya Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi. Mwenye kutaka meli apande, mwenye kutaka boti akatiwe boti.

Kinachobaki ni kile ambacho kamati haina amri nacho. Kutoka Micheweni hadi gati ya Mkoani ni kukata kisiwa kutoka kaskazini hadi kusini, na mwalimu anaondoka kwao alfajiri bila ya kujua kama boti itang'oa nanga. Kusi ya Septemba ikiamua kuvuma, safari inaahirishwa hadi kesho yake. Kwa hiyo walimu wa Pemba wavuke siku mbili kabla ya ufunguzi, malazi ya usiku huo wa ziada yaingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, viti viwili vitatu vya ndege kutoka Chake Chake viulizwe bei mapema, na mada zao zisiwekwe siku ya kwanza. Ziwekwe siku ya pili, saa 4:00 asubuhi.